Kipaza Sauti Kinaponyamaza Katikati ya Maneno

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkusanyiko wa Waislamu wa Nkungu, Wilaya ya Rusizi)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, aliyempa binadamu ulimi wa kubainisha yaliyo moyoni, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu waheshimiwa, mabwana na mabibi, jambo linalokusudiwa kuelezwa hapa ni dogo kwa kulitazama, lakini madhara yake si madogo. Ni jambo la msemaji aliyesimama mbele ya watu, ikiwa ni katika khutba ya Ijumaa, au maulidi, au harusi, au maziko, au mkutano wa wazazi wa shule. Naye yu katikati ya maneno yake, mara chombo cha kupazia sauti kikanyamaza. Afanye nini msemaji huyo? Na waliokuja kumsikiliza wafanye nini?

Aghalabu mambo hutokea kwa namna hii. Msemaji mwenyewe haoni tofauti kubwa, kwani mwenye kusema hujisikia daima, chombo kiwe hai au kiwe kimekufa. Safu tatu za mbele zinaendelea kumsikia, na hao ndio anaowatazama. Akiwaona wanatikisa vichwa hudhani kuwa watu wote wamo pamoja naye. Nyuma watu wanatazamana. Mmoja anashika sikio lake, mwengine anainuka kumtafuta kijana mwenye kushughulikia mashine, na wengine wanaanza mazungumzo yao. Wazee wenye masikio mazito wanainamisha vichwa na kusubiri.

Ama upande wa wanawake ndiko kwenye msiba khasa. Katika misikiti mingi wanawake hukaa nyuma ya pazia, au katika chumba cha pembeni, na spika moja ndogo iliyotundikwa ukutani ndiyo mlango wao wa pekee wa kuingilia katika maneno. Spika hiyo ikinyamaza hawana uso wa sheikh wa kuutazama, wala hawana mtu wa kumwashiria. Sheikh aweza kuendelea nusu saa nzima, akaomba dua na akashuka, wala asijue kwamba sehemu kubwa ya jamaa haikupata hata neno moja. Na huenda maneno yenyewe yalikuwa juu ya haki ya mwanamke katika mirathi, au juu ya eda ya mfiwa, mambo ambayo wao ndio waliokuwa na haja nayo zaidi kuliko mabwana wa safu ya kwanza. Kisha watu husema, "Leo umeme ulituharibia." Umeme haukuahidi kitu chochote. Aliyeahidi ni mwenye kualika watu waje wasikie.

Yapasa ijulikane kuwa mambo ya namna hii hayawezi kuitwa ajali katika nchi kama hii. Nkungu ni nchi ya milima, na mvua za Rusizi hushuka kwa nguvu. Juu ya paa la mabati mvua peke yake hutosha kuimeza sauti ya binadamu, hata kama mashine ni nzima. Na radi ikipiga, umeme nao huenda ukakatika. Ni ajabu ya dunia kwamba mto Rusizi, uliolipa jina lake wilaya hii, ndio wenye kuzalisha umeme. Mto hutoka Ziwa Kivu na kuteremka kwa kasi, na kwa kasi hiyo mashine huzungushwa: kituo cha kwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili kikaanza kazi mwaka 1989, na umeme wa hicho cha pili hugawanywa baina ya Rwanda, Kongo na Burundi. Basi watu wa hapa ni majirani wa kisima. Lakini jirani wa kisima naye hukosa maji siku ya kukatika kamba.

Juu ya hayo, vipaza sauti vya umeme ni vitu vya juzi. Mwaka 1915 mafundi wawili wa California, Peter Jensen na Edwin Pridham, waliwasikilizisha watu chombo chao cha namna hiyo, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikitumia kusema na maelfu ya watu katika mji wa San Diego. Uislamu wakati huo ulikuwa umekwisha hubiriwa zaidi ya karne kumi na tatu kwa koo za watu. Mwezi wa Machi 2018, wakuu wa wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali walipokataza kuadhini kwa vipaza sauti huko Nyamirambo kwa ajili ya kelele, kilichoondolewa kilikuwa mashine. Adhana yenyewe ilikuwapo kabla ya mashine na haikuhitaji waya.

Lakini asidhani mtu kwamba watu wa zamani walitegemea koo tupu bila ya mpango. Mtume (S.A.W.) alikuwa akikhutubu hali ameegemea gogo la mtende. Watu walipokuwa wengi akatengenezewa mimbari ya mbao, ya daraja tatu, kazi ya seremala aliyekuwa mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari. Na imepokelewa katika hadithi sahihi kwamba siku moja alisali juu ya mimbari hiyo, akishuka kusujudu chini kisha akapanda tena, na alipomaliza akawaeleza watu kuwa amefanya hivyo wapate kumfuata na kujifunza sala yake. Basi mimbari ilikuwa ni chombo, kama kipaza sauti kilivyo chombo: kilitakiwa ili wa nyuma wasikose kile walichokipata wa mbele.

Kisha tazama Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, sawa na mwaka 632. Umati ulikuwa mkubwa sana, uwanja ulikuwa wazi, wanyama wanalia na watu wanasema. Hapo Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kupiga kelele. Alimwagiza Jarir bin Abdillahi awanyamazishe watu kwanza. Katika Arafa, kama walivyoandika wenye kuandika maisha yake, Rabia bin Umayya ndiye aliyekuwa akiyarudia maneno kwa sauti kuu, na huko Mina, Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya nyumbu wake, Sayyidna Ali alikuwa akiyafikisha maneno yake kwa watu, wengine wamekaa na wengine wamesimama. Na katika maradhi yake ya mwisho, aliposalisha hali amekaa na sauti yake imedhoofika, Sayyidna Abubakar alisimama akiwasikilizisha watu takbira. Mtu wa kazi hii huitwa mubalighi, yaani mfikishaji.

Katika khabari zote hizi mfikishaji anajulikana ni nani, na mahali pake panajulikana. Hakuibuka baada ya sauti kupotea, huku kila mtu akimtazama mwenzake. Hili ndilo linalokosekana katika mikusanyiko ya leo. Mashine ikifa wanainuka watu watano kuitazama, watatu wao hawajui kitu, na wote wamempa mgongo msemaji; wala hakuna hata mmoja aliyekwenda mlangoni kwa wanawake kusema limetokea nini.

Na Nkungu, kwa hakika, inaye mfikishaji tayari, ila hatumiwi. Kiswahili kimekuwa lugha ya Waislamu wa Rwanda tangu siku za wafanyabiashara waliotoka pwani, na mwaka 2017 kiliwekwa kwa sheria kuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Lakini mgeni akija kutoka Kigali, au akivuka kutoka Bukavu, akasema Kiswahili chake, wapo katika mkusanyiko, khasa watoto na wazee wa milimani, ambao ni neno la Kinyarwanda ndilo linalowaingia moyoni. Kwa hivyo huwekwa mkalimani. Mkalimani huyu kwa kawaida husimama bega kwa bega na msemaji, wakipokezana maikrofoni moja, na chombo kikifa wamekufa wote wawili. Lau angesimama katikati ya watu, mbali kidogo na mimbari, karibu na pazia la wanawake, basi siku ya kukatika umeme sauti mbili zingekuwa zimekwisha gawana msikiti: moja mbele, moja nyuma. Kusimama kwake pale hakugharimu hata faranga moja. Ni lazima tu msemaji akate maneno yake vipande vifupi, atamke kipande kimoja, anyamaze mpaka kifikishwe, ndipo atoe kingine. Wako wasemaji wasioweza kunyamaza hata kidogo. Hao wajifunze, maana mkalimani anayebebeshwa maneno mia kwa mara moja huteremsha ishirini tu.

Sasa lazima yatofautishwe mazungumzo ya kawaida na khutba ya Ijumaa, kwa kuwa khutba ina sharia zake na si kila dawa inayofaa kwenye harusi hufaa juu ya mimbari. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea tangu zamani katika nchi za Waswahili, nguzo za khutba ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, na kuusia ucha Mungu, hizi tatu katika khutba zote mbili; kusoma aya katika mojawapo; na kuwaombea dua Waislamu katika ile ya pili. Nguzo hizi zatakiwa ziwafikie wale watu arobaini ambao kwao Ijumaa husihi, na zatakiwa zifuatane, pasiwe na mwanya mrefu kwa mazoea ya watu.

Katika hayo yatoka mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, mashine ikinyamaza khatibu asiwe na haraka ya kudhani khutba imeharibika. Arobaini aghalabu wamo katika safu za mbele na wanamsikia kwa koo lake. La pili, asisimame kimya robo saa akingoja waya ufungwe, kwani mwanya ukirefuka hulazimika kuanza upya. Apaze sauti, apunguze mapambo, atimize nguzo, asali na watu. Yale mengine aliyoyakusudia yaweza kusemwa baada ya sala, wakati hapana tena cha kuvunjika.

Na wasikilizaji nao wana adabu yao. Hadithi ni mashuhuri kwamba hata mwenye kumwambia mwenzake anyamaze, hali imamu anakhutubu, amefanya upuuzi. Basi itakuwaje watu wapige kelele kutoka nyuma, "Hatusikii! Washa! Zima! Tingisha hiyo!"? Ishara ya mkono yatosha. Ama khatibu mwenyewe, yeye anayo ruhusa ya kumwambia mtu jambo, Mtume (S.A.W.) alimwambia Sulayk, aliyeingia akakaa wakati wa khutba, ainuke asali rakaa mbili. Kwa hivyo hapana ubaya khatibu akamtaja mtu mmoja kwa jina lake akamwambia asimame katikati afikishe. Neno moja hilo lina manufaa kuliko makelele ya watu kumi.

Lakini Ijumaa kusihi ni jambo moja, na maneno kufika ni jambo jengine. Mwanamke aliyeacha kazi zake, akapanda mlima na mtoto mgongoni, akakaa nyuma ya pazia asisikie kitu, haponi kwa kuambiwa kwamba arobaini wa mbele wamesikia. Na ndani ya sala shida huzidi, kwa sababu spika ikikatika wao hawajui imamu amerukuu au amesujudu. Huko nako dawa ni ile ya Sayyidna Abubakar: mtu asimame mahali ambapo takbira yake itapenya mpaka kwao. Na ikiwa hayupo, na imamu haonekani wala hasikiki, basi mwenye kusali katika sala za kila siku anayo ruhusa ya kunuia kufarikiana na imamu akamaliza sala yake peke yake. Mas-ala haya wafundishwe wanawake kabla, siku ya darsa, kwa sababu ndani ya sala hapana nafasi ya kuulizana. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa, na sala hukatwa ovyo, huyu amesimama na huyu amesujudu.

Jambo jengine lenye kutatiza ni haya ya msemaji. Mtu akiharibikiwa mbele ya watu huona aibu, na aibu humfanya ajifanye kama hakuna kilichotokea. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa juu ya mimbari akikhutubu, wakaingia wajukuu zake Hasan na Husein, wamevaa nguo nyekundu, wakitembea na kujikwaa. Akakata maneno, akashuka, akawachukua, akawaweka mbele yake. Kisha akawaambia watu wazi kwamba alipowaona watoto wale wanajikwaa hakuweza kusubiri, ndipo akaendelea na khutba yake. Wasemaji wa kila namna wangeitazama vyema khabari hii. Lililokatiza maneno lilishughulikiwa, watu wakaambiwa sababu yake kwa maneno machache, na maneno yakarudi mahali pake. Hapakuwa na kujifanya, wala hapakuwa na kurefusha masikitiko. Kinyume cha hayo husikika kila mwezi: msemaji anaomba radhi mara saba kwa ajili ya mashine, anawalaumu vijana mbele ya wageni, anamtaja aliyeiazima, na mwisho watu wanarudi nyumbani wakiikumbuka mashine na wameyasahau mawaidha.

Wala isidhaniwe kuwa msiba huu ni wa watu wa milimani wenye vyombo duni. Tarehe 23 Septemba 1976, katika mji wa Philadelphia, wagombea wawili wa urais wa Marekani, Gerald Ford aliyekuwa rais wakati huo, na Jimmy Carter, walikuwa wakihojiana mbele ya televisheni, na mamilioni ya watu wanawatazama. Mara sauti ikakatika. Kifaa kidogo kimoja, cha thamani ndogo kabisa, kilikuwa kimeharibika ndani ya mashine. Muda wa dakika 27 wakubwa wale wawili walisimama kila mmoja nyuma ya meza yake, kimya, hakuna aliyemsemesha mwenzake wala aliyewasemesha watu waliokaa mbele yake ukumbini. Na picha zao zinaendelea kuonekana nchi nzima. La kustaajabisha zaidi ni kwamba ukumbi ule, wa Walnut Street, ulifunguliwa mwaka 1809, na waigizaji wa karne nzima walisema ndani yake bila ya umeme na watu wakawasikia. Walikuwa wamesimama katika nyumba iliyozoea sauti ya mtu, nao wakangoja mashine iwape idhini ya kusema. Hakika walikuwa na udhuru wao, maana kila mmoja aliogopa kuonekana amelegea mbele ya mpinzani wake. Msemaji wa Nkungu hana mpinzani wa kumwogopa, wala hana udhuru huo.

Mashine nazo zina tabia zake, na tabia ikijulikana hofu hupungua. Ule mluzi unaokwaruza masikio hauletwi na shetani, kama wasemavyo baadhi ya watu kwa mzaha. Sauti hutoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni, ikatoka kubwa zaidi, ikaingia tena, na hivyo hivyo ikizunguka mpaka ikawa yowe. Kwa hivyo spika ziwekwe mbele ya msemaji, zimeelekezwa kwa watu, na maikrofoni ibaki nyuma yake. Wala spika isimwelekee msemaji usoni. Msemaji aisogeze maikrofoni karibu na mdomo, kama vidole vinne hivi, ndipo nguvu ya mashine ipunguzwe. Mwenye kusimama mbali humlazimisha fundi kuizidisha nguvu, na nguvu ikizidi mluzi hurudi. Watu wengi, na masheikh wamo, wakisikia mluzi huifumba maikrofoni kichwani kwa kiganja. Hilo huuzidisha. Aiachie wazi, au aigeuze upande, au aizime.

Mkwaruzo unaokuja na kuondoka aghalabu ni wa waya uliokatika ndani, karibu na mahali unapoingia katika plagi, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Waya wa namna hiyo utupwe au ufungwe na fundi kabla ya siku yenyewe. Haifai mtu kuchuchumaa miguuni mwa khatibu akiushikilia kwa vidole saa nzima. Maikrofoni isiyo na waya hufa kwa sababu ya betri, na betri huwekwa mpya siku ya mkutano, si ile iliyobaki tangu harusi ya mwezi uliopita. Simu ya mkononi ikiwa karibu na maikrofoni yaweza kuleta mngurumo, iwekwe mbali.

Hapa ni lazima kusema neno zito kidogo. Waislamu huingia msikitini miguu mitupu, na miguu hiyo mara nyingi ingali na maji ya udhu. Waya uliochubuka ukipita mlangoni, karibu na birika, waweza kumwua mtu. Wakati wa mvua, maji yakianza kupenya katika paa juu ya mashine, yasiulizwe maneno yamefika wapi: umeme uzimwe kwanza, na mwenye mikono mikavu ndiye auzime. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hata kama ni mvua na hata kama ni ya kuazima. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huwaua watu waliojifungia nayo ndani, mmoja baada ya mmoja, wala wasitambue. Mkutano wowote waweza kuahirishwa. Hapana khutba iliyoamrishwa iwagharimu watu roho zao.

Siku hizi limezuka jambo la kusoma maneno katika simu. Si haramu wala si aibu, na simu hubeba vitabu ambavyo punda asingeviweza. Lakini simu huzimika, huita, hugeuka giza msomaji akitua kupumua, na kioo chake kilichovunjika huyafanya maandishi yawe vipande. Aliyeandika mambo yake makuu katika karatasi moja, kwa herufi kubwa, akaitia mfukoni mwa kanzu, huyo ana akiba. Na aliyeyahifadhi kifuani ana akiba zaidi. Kadhalika wale wataalamu wanaokuja kufundisha mambo ya afya au ya kilimo kwa kuonyesha picha ukutani kwa projekta: mara nyingi wao ni wajuzi wa kweli, lakini picha ikizimika hukaa chini wakisema hawawezi kuendelea. Mtu aliyejifunza maradhi ya malaria miaka mitano hawezije kuyaeleza kwa mdomo nusu saa? Mkulima wa Nkungu amefundishwa kulima na baba yake bila ya picha yoyote. Bora mwalimu wa namna hiyo aje na kitu cha kushikwa mkononi, jani lenye ugonjwa au chandarua chenyewe, kipitishwe toka mkono hata mkono, kifike na kwa akina mama.

Ama mvua juu ya mabati, hiyo haina fundi. Wenye busara husogea. Wa nyuma waitwe mbele, safu zibanwe, mabibi nao wafunguliwe nafasi wakaribie hata ikiwa pazia litahamishwa, na msemaji ateremke asimame kati ya watu. Mvua ikizidi mno, watu wasome uradi au wamsalie Mtume kwa pamoja mpaka ipungue, kwani sauti za watu mia hushinda mabati ambayo mtu mmoja hawezi kuyashinda. Msemaji anayepiga kelele dhidi ya mvua hupoteza sauti yake kwa dakika kumi, na mvua yenyewe haijachoka.

Lililobaki ni la wakati chombo kinaporudi kusema. Hapo msemaji huvutwa na hamu ya kuendelea kutoka pale alipofika yeye, maana yeye na safu za mbele hawakupotea njia. Wa nyuma lakini wameachwa mbali, na hawajui wameachwa wapi. Basi katika maulidi, au darsa, au mkutano wowote usiokuwa khutba, atumwe mtoto mmoja mwenye akili mpaka mlangoni kwa wanawake, aulize neno gani walilisikia mwisho. Na akirudi na jawabu, msemaji aanzie hapo.

Wabillahi taufiki.